Picha Kumi na Moja za Mzee Job

Migori,
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Kwako Risper,

Pokea salamu zangu na za mke wangu, mama Bosibori. Najua simu yangu hupokei, na sikulaumu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Isitoshe, kadi ya kamera iliyo ndani ya bahasha hii haingefaa kupitia simu. Picha ikitumwa WhatsApp inafika imekamuliwa, na mimi nataka uzione hizi jinsi zilivyotoka kwenye kamera.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu nilikuwa na harusi huko nje ya Ndhiwa. Bi harusi ni Liz, mwalimu, binti ya Mzee Job Ondieki. Kanisa lao lina madirisha madogo yaliyowekwa juu karibu na dari. Mvua ilianza saa nane, gari la bi harusi likakwama matopeni, wakaingia kanisani saa kumi. Stima ilikuwa imepotea. Mle ndani mlikuwa na mishumaa miwili ya altare na tochi za simu za watu wa viti vya nyuma, basi. Padri alikuwa amenikataza flashi mapema.

Mzee Job aliletwa kwa kiti cha magurudumu, maana figo zilikuwa zimemwisha. Liz akapiga magoti mbele yake kuomba baraka. Mzee akasimama. Risper, mtu huyo hakuwa amesimama tangu Krismasi. Akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, mvua ikivuma juu ya mabati. Nilipiga picha kumi na moja.

Hakuna hata moja inayofaa. Lenzi ilikuwa inaenda mbele, inarudi nyuma, inatafuta, kama mtu anayepapasa kitasa cha mlango asichokijua. Siku kumi baadaye mzee akafariki. Atazikwa Jumamosi hii, na familia inataka picha ile ya baraka, ikuzwe, iwekwe mbele ya jeneza. Nimemwambia Liz kwamba picha ziko kwa mtaalamu. Mtaalamu huyo ni wewe.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, angalia kama kuna programu yoyote ya kuziokoa. La pili, nijibu kama fundi, usinihurumie: ningekuwa na mirrorless kama yako, kamera isiyo na kioo, badala ya DSLR yangu ya kioo, ningeipata picha ile?

Wako,
Kerosi Onchiri


Homa Bay,
Alhamisi, 2 Mei 2024

Kwa Bwana Kerosi,

Bahasha yako nilitaka kuirudisha bila kuifungua. Siku niliyoondoka studio kwako mwaka wa 2021 ulisema mbele ya wateja: "Risper amenunua kamera ya kumwonea kwa sababu macho yake mwenyewe hayaoni." Wateja wakacheka. Miaka mitatu nimetembea na maneno hayo. Sasa unataka kujua kama kamera yangu inaona gizani.

Inaona. Nikueleze kama fundi, maana umeomba hivyo.

Jana mchana nilifunika dirisha langu kwa blanketi, nikawasha mshumaa mmoja mezani, nikamkalisha dada yangu Milka mbele yake. Niliazima DSLR ya aina yako kwa jirani. Picha ishirini kwa nukta ya fokasi ya katikati, ishirini kwa nukta za pembeni, kisha ishirini kwa mirrorless yangu. DSLR kwa nukta ya katikati ilinasa kumi na nne. Kwa nukta za pembeni ilinasa tano, na hizo tano ilizihangaikia mpaka Milka akasinzia. Mirrorless ilinasa kumi na nane.

Sababu unaijua ila hupendi kuisema. Kwenye DSLR, kioo kinagawa mwanga: mwingi unapanda kwenda kwa jicho lako, kidogo kinashushwa chini kwa vihisio vya fokasi. Kanisani kwenye mishumaa miwili, hicho kidogo ni nini? Mirrorless haina kioo cha kugawa chochote. Sensa inayopiga picha ndiyo hiyo hiyo inayofokasi, inatumia mwanga wote unaoingia kwenye lenzi, tena inatambua jicho la mtu na kulishika hata akisogea.

Lakini siuzi kamera, kwa hivyo nakupa na ubaya wake. Gizani skrini ya kuchungulia inajaa chengachenga na inabaki nyuma ya mtu kidogo. Inakunywa betri kama ngamia anavyokunywa maji. Na zile mbili zilizokosa ni pale Milka alipogeukia ukuta mtupu. Hata yangu inapotea ikikosa mstari wa kushika. Tena bado hujaniambia ulikuwa na lenzi gani. Kama ni ile yako nzito ya harusi ambayo tundu lake la mwanga linaishia 5.6, basi ulienda kuteka maji kwa kijiko. Ungefunga ile ndogo ya milimita hamsini ungekuwa umepunguza nusu ya shida.

Kadi sijaifungua. Nitaifungua kesho. Usifikiri kujibu ni kusamehe.

Risper Awuor


Homa Bay,
Jumamosi, 4 Mei 2024

Mwalimu,

Nimefungua kadi. Nimezitazama zote kumi na moja, moja moja, kwenye skrini kubwa.

Ni kamera. Si wewe. Hakuna programu ya kuziokoa na usimlipe mtu atakayekuambia ipo. Kamera ilishindwa na giza, ndivyo ilivyokuwa, hata mimi ningeshindwa nikiwa na ile.

Mama Bosibori hajambo? Na wewe, unakula vizuri? Unapata kupumzika? Mwandiko wako umekuwa mdogo siku hizi, nimesoma barua yako nikiisogeza machoni kama mpiga ramli.

Yale niliyoandika juzi kuhusu wateja kucheka, yaache.

Risper


Ndhiwa,
Jumatatu, 13 Mei 2024

Kwa Bwana Kerosi,

Natumaini u mzima. Nimepiga simu yako mara nyingi haipokelewi, kwa hivyo nimempa barua hii mwalimu mwenzangu anayekuja huko Migori.

Tulimzika Baba tarehe nne. Mbele ya jeneza tuliweka picha ya kitambulisho chake, ile aliyopigwa miaka ishirini iliyopita. Watoto wa ndugu zangu waliuliza yule ni nani.

Picha za karamu nimezipata, asante, ni nzuri. Ninayoiulizia ni ile ya kanisani, Baba aliponibariki. Mama anaiulizia kila siku. Ulisema iko kwa mtaalamu. Tafadhali nieleze mtaalamu amefikia wapi. Hata kama haijakamilika, tutapokea ilivyo.

Wako mwaminifu,
Liz Ondieki


Migori,
Jumatatu, 27 Mei 2024

Nyara,

Ruhusu nikuite hivyo tena, "binti yangu" kwa Kijaluo chenu, kama zamani.

Unajua mstari wako ule, "Ni kamera. Si wewe," nimeusoma mara ngapi? Nilimsomea mama Bosibori akiwa jikoni. Akaniuliza mbona nasoma kama mtu aliyeachiliwa na korti. Nikamwambia ndivyo ninavyojisikia.

Sasa sikiliza. Nimenunua mirrorless! Niliuza DSLR zote mbili, lenzi zote, hata ile mashine ya kuchapisha iliyokuwa nyuma ya pazia. Kijana mmoja wa Rongo amezichukua kwa pamoja, pikipiki mbili zikazibeba. Mama hakufurahi kuhusu mashine. Nilimwambia siku hizi watu wanataka picha kwenye simu, za kuchapisha nitapeleka mjini.

Risper, hii kamera ni ajabu. Nimekaa nayo chumbani mapazia yamefungwa, namwelekezea mama, na kile kijisanduku cha kijani kinaruka moja kwa moja kwenye jicho lake na kukaa pale. Nilicheka peke yangu. Kwa nini nilikuwa mkaidi? Yale maneno niliyokuambia mbele ya wateja yalikuwa ya mtu mwenye wivu, na nilijua hivyo nikiyasema. Ulikuwa umeniacha, ndipo nikakuumiza.

Jumapili hii, tarehe mbili, kuna sherehe ya kwaya ya kanisa moja hapa Migori, wanatimiza miaka hamsini. Ukumbi wao ni giza kama chungu na wanaanza jioni. Nimekubali kazi. Wazee wa kwaya wanakuja kutoka mbali, wengine hawatakutana tena. Nikishamaliza hiyo nitaenda Ndhiwa mwenyewe nimweleze Liz kwamba kosa lilikuwa la kamera na kamera hiyo nimeitupa. Nimekosa nguvu ya kupokea simu zake, lakini sasa nitakuwa na la kusema.

Kerosi, mwalimu wako


Homa Bay,
Alhamisi, 30 Mei 2024

Mwalimu,

Nimepiga simu kutwa nzima. Najua hupokei kwa sababu unamwogopa Liz. Naandika haraka, nawahi ofisi ya vifurushi kabla haijafungwa.

Usiende kwenye ile sherehe ya kwaya. Wape mtu mwingine, au nipe mimi, nitakuja bure.

Nilikudanganya. Haikuwa kamera.

Picha iliyokosa fokasi unaijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyenifundisha. Mwali wa mshumaa unavimba, unakuwa duara laini kama sarafu ndani ya maji. Katika picha zako mishumaa haikuvimba. Imechora mistari. Kwenye moja mstari unaenda kulia, kwenye nyingine unashuka, kwenye nyingine unarudi kushoto. Shanga za mkononi mwa Liz zimeandikwa mara mbili, na kila mara kingo zake ni kali. Kamera yako ilifokasi, Mwalimu. Katika picha sita kati ya kumi na moja ilishika pale pale ulipotaka, pamoja na giza lote. Ni mikono iliyotikisika.

Na si kutikisika kwa mtu aliyechoka au aliyelia kanisani. Nilirudi kwenye picha za karamu zilizo kwenye kadi hiyo hiyo, nje ya hema, mvua imekatika na mwanga bado unatosha, ukienda na shata ya haraka. Ukizikuza sana, zile ulizopiga karibu zina mistari ileile ya kuvutwa. Kisha nikachukua barua yako nikaangalia herufi.

Mama mzazi wa baba yangu alikuwa na ugonjwa huo. Nilikuwa namshikia kikombe cha chai nikiwa msichana.

Sikuweza kukuandikia hivyo. Kamera mpya ina kitu ndani cha kutuliza mtikisiko, nikajidanganya kwamba hata ukinunua itakusaidia. Inamsaidia mtu mwenye mkono mzima. Tafadhali usiende Jumapili. Na yule kijana wa Rongo mwombe akurudishie mashine.

Risper


Migori,
Alhamisi, 6 Juni 2024

Risper,

Barua yako ililala ofisi ya vifurushi tangu Ijumaa. Niliichukua Jumatatu. Sherehe ilikuwa Jumapili.

Picha mia nne na kumi. Kijisanduku cha kijani kilikaa kwenye kila jicho. Wazee wale walisimama mstari mmoja, mmoja wao haoni, wakaimba wimbo waliouimba siku ya kwanza, na kamera ikamshika kila mmoja bila kukosea. Kisha nikafungua kompyuta. Ni kama niliwapiga picha nikiwa nimepanda trekta. Zinazofaa ni chini ya thelathini, nyingi za watu waliokaa karibu na taa ya meza ya chakula.

Mwenyekiti wa kwaya ni mtu mpole. Aliziangalia, akavua miwani, akaifuta, akaziangalia tena. Akasema, "Labda ni macho yangu." Yaani nilimwacha mzee wa watu aende nyumbani akidhani ni macho yake.

Ulijua mwezi mzima. Uliniandikia "si wewe" ukiwa umeshaniona. Nilikuomba usinihurumie, nilikuomba kwa maandishi. Kama ungenitukana ningekuwa na DSLR zangu, ningekuwa na mashine, na wale wazee wangekuwa na picha zao.

Mama hajaniambia kitu tangu Jumatatu. Anapika, anaweka mezani, anaondoka.

Usijibu.

K. Onchiri


Homa Bay,
Jumatano, 12 Juni 2024

Mwalimu,

Najibu. Ukitaka ichane.

Umesema nilijua mwezi mzima. Ni kweli. Na sababu si huruma tu, afadhali ingekuwa huruma. Miaka mitatu nimekuwa nikingoja ukosee. Nilikuwa naangalia picha zako mtandaoni natafuta kosa, siku moja nione na wewe macho yako hayaoni. Kadi yako ilipofika nilifurahi, ndiyo maana barua yangu ya kwanza ilikuwa na ulimi mkali vile. Kisha nikafungua, nikaona kilichokukosesha, nikaona aibu mpaka nikazima kompyuta. Uongo ule ulikuwa wa kufunika aibu yangu mimi. Wewe ndiye uliyeulipia.

Lakini niulize na mimi. Mkono hauanzi kutetemeka siku ya harusi. Wewe ulijua tangu lini?

Risper


Migori,
Jumanne, 18 Juni 2024

Risper,

Tangu Januari. Daktari wa Kisii aliutaja kwa jina, Parkinson, akanichorea duara kwenye karatasi akaniambia nifuatishe na kalamu. Nikashindwa kufuatisha duara. Alisema niache kazi za mikono midogomidogo. Nilimwambia mimi ni mkulima.

Mama nilimwambia ni presha. Vidonge nilikuwa naviweka kwenye mkebe wa filamu za zamani, pale ambapo hakuna mtu anafungua. Nilikubali harusi ya Liz nikijua. Nilijiambia mkono ni wa kushoto tu, wa kulia ndio unaobonyeza. Lakini unajua vile ni mkono wa kushoto unaobeba lenzi.

Nilipokuuliza kuhusu mirrorless sikuwa nauliza swali la fundi. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ni kamera, na nilichagua mtu ambaye nilijua hanipendi, ili nikiambiwa niamini.

Kwa hivyo tulidanganyana wawili. Uongo wako uliishi mwezi, wangu miezi mitano.

Jana nilimwambia mama yote. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma akaomboleza kama mtu amefariki, kisha akaniuliza vidonge ni vya saa ngapi. Leo nimemwandikia Liz, ukurasa mmoja, bila kumtaja mtaalamu wala kamera. Nimempa na kadi uliyonirudishia.

Kerosi


Ndhiwa,
Jumatatu, 1 Julai 2024

Kwa Bwana Kerosi,

Nimesoma barua yako na nimeona picha.

Nakusikitikia kwa ugonjwa wako. Baba aliugua miaka minne, najua nyumba yenye ugonjwa ilivyo. Lakini nikuulize kama binti wa mtu: ungeniambia Februari tulipokuja kuweka tarehe, si ningekushukuru na kutafuta mtu mwingine? Ulikunywa chai na Baba. Ulimwambia, "Mzee, hiyo siku nitakutoa vizuri kwenye picha."

Baba alisimama mara moja. Hatasimama tena ili mwingine ampige. Halafu ukaniacha nizike na picha ya kitambulisho, nikidhani iko njiani.

Mama sijamwonyesha. Nimemwambia ziliharibika kwa mvua. Sasa na mimi nimekuwa mwongo kwa sababu yako.

Sikuchukii. Lakini usije kwenye ukumbusho mwezi wa nane.

Liz Ondieki


Migori,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Nyara,

Mwandiko huu ni wa mama Bosibori. Mimi nasema, yeye anaandika. Nikisema jambo lisilo sawa anaweka kalamu chini na kunitazama, kwa hivyo barua itakuwa fupi na ya kweli.

Asante kwa kuwafuata wale wazee wa kwaya makwao na kuwapiga picha upya. Mwenyekiti alinionyesha picha yake na yule mwenzake asiyeona wamekaa bega kwa bega. Umeipiga vizuri sana. Sitasema zaidi.

Studio nimeifunga. Chumba kimechukuliwa na mtu wa mbegu na mbolea. Alhamisi tulikuwa tunatoa vitu vya mwisho, mama ameshika upande mmoja wa lile pazia lililochorwa maua, mimi nimeshika mwingine, Liz akaingia. Alikuwa amevaa nguo za kazi, ana chaki kwenye mkono wa sweta. Nilifikiri amekuja kunitukana na nikaona afadhali.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka kukuuliza kitu. Siku ile nilikuwa nimeinamisha kichwa, nimefumba macho. Mama alikuwa nyuma ya kiti. Watu wote walikuwa nyuma yangu, na Baba alikuwa ameinama kwangu. Wewe ndiye uliyekuwa umepiga goti pale pembeni ukitazama juu. Uso wa Baba ulikuwaje?"

Risper, jibu nilikuwa nalo tayari. Nimekuwa nalo tangu Aprili: alikuwa na amani, alikuwa anatabasamu. Lilikuwa limefika mdomoni. Ningelitoa angeenda nyumbani nalo na hakuna mtu duniani angejua.

Nikamwambia, "Aliponyanyua mkono haikuwa baraka, kwanza. Goti lake lilikatika. Alikushika kichwa asianguke. Niliona hofu usoni mwake."

Liz akakaa kwenye kile kiti cha picha za pasipoti.

Nikaendelea. "Kisha binamu yako akamshika kiuno kwa nyuma. Akawa salama. Wakati huo angeweza kuondoa mkono, lakini hakuuondoa. Uso ukatulia. Akakutazama utosini, midomo ikaanza kwenda."

"Alisema nini?"

"Sikusikia. Mvua ilikuwa juu ya mabati."

"Picha hazionyeshi midomo. Nimezikuza zote. Hazionyeshi hata uso."

Nikamweleza jinsi DSLR ilivyo, kwamba ukibonyeza, kioo kinainuka na wewe mpiga picha unabaki gizani kidogo, kufumba na kufumbua. Kile kinachoingia kwenye kadi ndicho usichokiona. Uso wa baba yake niliuona katikati ya picha moja na nyingine. Nilibonyeza mara kumi na moja, kwa hivyo nafasi za katikati ni kumi. Mara hizo kumi nilimwona mzee sawasawa, kwa jicho langu, bila skrini. Na hakuna kadi iliyo nazo.

Mama alikuwa bado ameshika pazia upande wake.

"Kwa hivyo alikuwa anaanguka," Liz akasema. "Na mimi nilidhani ananibariki kwa nguvu, nikakaza shingo."

Nikamwambia, "Ulipokaza shingo ndipo aliposimama."

Alilia basi, akiwa amekaa wima vile watu wanavyokaa kwenye kiti kile. Halafu akaniomba nirudie tangu mwanzo. Nikarudia, goti, hofu, binamu, midomo. Alitaka kujua mkono gani. Wa kulia. Alitaka kujua kama alifumba macho. Hakufumba. Alipoinuka hakusema kuhusu kusamehe na mimi sikuuliza. Alisema tu, "Andika. Yote, na ile hofu pia. Mama atataka kusomewa."

Nimemwambia mama aandike nakala mbili, moja ya Liz, nyingine hii yako. Wewe ndiye mtu mwingine pekee aliyezitazama zile picha mpaka akaona kilichomo.

Mirrorless iko kabatini ndani ya kasha lake. Ichukue. Sikuchukii kwa ajili yake.

Kerosi

Risper, sasa ni mimi, Bosibori. Amepumzika. Haya yote kuhusu uso wa Mzee Job hakuwahi kuniambia. Nimeyasikia siku ile pamoja na Liz, nimeshika pazia. Tumeishi miaka ishirini na saba. Tangu Alhamisi namuuliza ni nini kingine aliona, harusi zote hizo, mazishi yote hayo, na ananisimulia kidogo kidogo asubuhi, kabla sauti haijamchoka. Sauti nayo imeanza kuwa ndogo kama ule mwandiko. Njoo upesi unisaidie kuandika. Mkono wangu si wa haraka.